Mkono si mguu: kuchagua kati ya mganga wa mifupa, plasta na chuma

Mtu akivunjika Lamu, mjadala huanza kabla hajainuliwa chini. Ami anasema apelekwe kwa mganga wa mifupa, maana ndiye aliyemuunga babu akapona. Mama anasema hospitali. Kijana aliyesoma Mombasa anasema asiguswe na mtu, apelekwe moja kwa moja akatiwe chuma. Kila mmoja ana mtu wake wa mfano, na kila mfano ni wa kweli. Shida ni kwamba mifano yenyewe haihusu mfupa mmoja. Babu alivunjika mtulinga. Jirani ambaye mkono wake haugeuki mpaka leo alivunjika kigasha. Aliyetiwa chuma akatembea upesi alivunjika paja. Kuzipima njia hizi tatu bila kuuliza kwanza ni mfupa upi uliovunjika ni kugombana bure, na wakati huo mgonjwa yuko mkekani anangoja.

Ninayaandika haya kwa ajili ya jamaa walio katika kikao kama hicho. Nitapita mfupa kwa mfupa, kuanzia begani hadi kisiginoni, nikisema njia ipi naipendelea na kwa nini.

Tuanze na ramani, kwani bila ramani ulinganisho hauna maana. Mtu mzima ana mifupa 206. Kati ya hiyo, 126 ni ya mikono na miguu pamoja na mifupa inayoishikiza mwilini: 32 kwa kila mkono, 31 kwa kila mguu. Mpangilio ni uleule kwa viungo vyote viwili. Juu pana mfupa mmoja, katikati miwili, mwishoni midogo mingi. Mkono una mfupa wa mkono wa juu, kisha mifupa miwili ya kigasha, kisha 8 ya kifundo, 5 ya kiganja na 14 ya vidole. Mguu una mfupa wa paja, pia ya goti, muundi na mwenzake mwembamba, kisha 7 ya kifundo na kisigino, 5 ya wayo na 14 ya vidole.

Kinachotofautiana ni kazi. Mkono umeumbwa ufikie, ugeuke, ushike. Umeshikizwa kwenye kiwiliwili kwa mfupa mmoja tu, mtulinga, na tundu la bega ni la kina kifupi ili mkono uzunguke kwa wepesi. Mguu umeumbwa ubebe. Nyonga imefungamana na uti wa mgongo, na kichwa cha mfupa wa paja kimezama ndani ya tundu lake. Kwa hiyo mkono wa juu ukiungana umepinda kidogo, mwenyewe anaweza asijue. Paja likiungana fupi kwa sentimita tatu, atachechemea maisha yake yote. Kigasha nacho kina sharti lake la peke yake, nitalifikia.

Njia tatu zenyewe

Mganga wa mifupa nitamtendea haki, kwa sababu wengi wanaoandika kuhusu afya humtaja ili wamkemee tu. Anayeijua kazi yake hupapasa, akatambua mahali palipovunjika, akavuta, akanyoosha, akafunga kwa vijiti vya mwanzi au pongoo za makuti juu ya kitambaa. Yuko karibu na nyumba, anamjua mgonjwa na jamaa zake, hulipwa kidogo kidogo, na humruhusu mtu ajongeze viungo mapema, jambo ambalo hospitali nazo zimekuja kulithamini. Tena tiba ya mifupa ya hospitali ina deni kwa watu wa aina yake. Hugh Owen Thomas, aliyezaliwa mwaka 1834 na kufanya kazi Liverpool, alitoka katika ukoo wa waunga mifupa wa Wales, baba yake akiwa mmoja wao. Yeye akasomea udaktari, akaunganisha elimu mbili, akatengeneza gango la mguu ambalo hadi leo linaitwa kwa jina lake. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia gango hilo liliokoa roho nyingi za askari waliovunjika mapaja.

Upungufu wa mganga ni kwamba haoni ndani. Eksirei, iliyogunduliwa na Röntgen mwaka 1895, humwonyesha daktari kama mfupa umekatika mara moja au mara tatu, kama ufa umeingia kwenye kiungo, kama vipande vimepandana. Mikono ya mganga, hata iwe na uzoefu gani, haiwezi kuyajua hayo ndani ya nyama iliyovimba. Upungufu wake wa pili ni kufunga kwa nguvu, na huu ndio unaokata mikono ya watoto.

Plasta ni bendeji yenye unga wa jasi. Daktari wa jeshi wa Uholanzi, Antonius Mathijsen, ndiye aliyeieneza kuanzia mwaka 1852. Huloweshwa, huzungushwa, hukauka kwa kufuata umbo la kiungo. Nguvu yake ni kwamba haipasui ngozi, kwa hiyo haifungui mlango wa wadudu, na hospitali nyingi zinaiweza. Udhaifu wake ni kwamba huushika mfupa kwa nje tu. Mfupa unaopenda kuteleza huweza kuteleza humohumo ndani, na ndiyo maana eksirei hurudiwa baada ya wiki moja au mbili. Wengi hawarudi. Wanarudi wiki ya sita kufunguliwa, na mfupa umekwisha kuungana vibaya. Visiwani pana jambo jingine: plasta ikilowa maji ya bahari hulainika ikawa haina kazi. Anayetoka hospitali kwenda Siyu au Kizingitini aifunike kwa nailoni kabla ya kupanda boti, na kwa kuwa inahitaji kama siku mbili kukauka kabisa, asiiegemee kabla ya hapo.

Chuma ni upasuaji. Daktari hufungua, hupanga vipande, kisha huvishika kwa bamba na skurubu, au kwa msumari mrefu unaopita ndani ya uti wa mfupa, au kwa fremu inayokaa nje ya mguu. Hakuna njia inayoushika mfupa sawasawa kuliko hii. Gharama yake si nyepesi: dawa ya usingizi, hatari ya usaha kwenye chuma, safari, malazi ya jamaa. Pia chuma hakiharakishi mfupa kuungana, kinyume na wanavyodhani wengi. Kinachofanya ni kuushika vizuri wakati mwili wenyewe unafanya kazi ya kuunga.

Pasipo na uchaguzi

Ziko hali ambazo mjadala hauna nafasi. Kama kuna kidonda mahali palipovunjika, hata kitundu kidogo kinachovuja damu, huo ni mfupa uliopata njia ya nje, na mgonjwa anahitaji antibiotiki haraka, ikiwezekana ndani ya saa ya kwanza, pamoja na kuoshwa kidonda na sindano ya pepopunda. Msitie majani, mafuta wala unga wowote. Funikeni kwa kitambaa safi, basi. Kama vidole vimekuwa baridi, vimepauka, vinafa ganzi au havijongei, damu au mishipa ya fahamu imebanwa. Bonyeza ukucha uwe mweupe kisha uachie: wekundu ukichelewa kurudi zaidi ya sekunde mbili, hali si nzuri.

Maumivu yanayozidi baada ya kufungwa, hasa ukimnyoosha mgonjwa vidole akapiga kelele, yana maana moja: fungua sasa hivi. Iwe ni vijiti vya mganga, iwe ni plasta ya hospitali. Nyama iliyokosa damu kwa saa sita hivi huanza kufa isirudi tena. Nalisisitiza hili kwa pande zote mbili, kwani nimesikia watu wakisema plasta ya hospitali haiwezi kuua mkono. Inaweza, ikifungwa mzunguko mzima siku ya kwanza na mkono ukaendelea kuvimba. Ndiyo maana mfungaji mwenye busara huanza na plasta ya nusu, akaikamilisha uvimbe ukishapungua.

Mkono

Mtulinga ndio mfupa unaompa kila mtu sifa. Mtu akianguka kutoka kwa punda akaangukia bega, mara nyingi ndio unaovunjika, na mara nyingi huungana wenyewe kwa kuning'iniza mkono kwenye kanga shingoni wiki nne hadi sita. Aliyeunganishwa na mganga angepona hata bila mganga, na hospitali nayo haina ajabu iliyofanya zaidi ya kumpa kitambaa. Chuma huhitajika tu pale ncha inapotaka kutoboa ngozi, au vipande vinapoachana sana. Kwa mtulinga wa kawaida, sioni sababu ya kumpeleka mtu Mombasa.

Kombe la bega halivunjiki ovyo. Likivunjika, ujue kishindo kilikuwa kikubwa, na cha kuhofia ni mbavu na mapafu yaliyo nyuma yake.

Mfupa wa mkono wa juu ukivunjika katikati, unatibika bila kupasuliwa katika hali nyingi, kwa sababu uzito wa mkono wenyewe huuvuta ukanyooka. Mgonjwa analala ameketi siku za mwanzo, anafungwa gango au kifuko cha kubana, anaanza kujongeza kiwiko mapema. Kiungo hiki kinavumilia mpindo kuliko vingine. Hapa plasta au gango la hospitali ndilo chaguo langu, na kwa sababu moja mahususi: mshipa wa fahamu unaoinua kifundo cha mkono umejizungusha nyuma ya mfupa huu, umeugusa kabisa. Mwambie mgonjwa ainue kiganja kama anayemzuia mtu njiani. Asipoweza, mshipa umeumia. Mara nyingi hupona wenyewe kwa miezi, lakini lazima ijulikane kabla ya mtu yeyote kuvuta mkono huo. Mganga akivuta bila kupima, baadaye hakuna atakayejua aliumia alipoanguka au alipovutwa.

Kiwiko cha mtoto ndicho kinachonitia hofu kuliko vyote. Mtoto wa miaka mitano, sita, saba, anaanguka kutoka ukutani au mtini, anajikinga kwa mkono ulionyooka, na mfupa unakatika juu kidogo ya kiwiko. Mbele ya hapo hapo ndipo unapopita mshipa mkubwa wa damu wa mkono. Vipande vikiubana, au mtu akaufunga mkono huo kwa nguvu, misuli ya kigasha hufa na vidole hukunjamana milele. Daktari Mjerumani Richard von Volkmann alieleza hali hiyo mwaka 1881, akiilaumu bendeji iliyobana mno. Kwa kiwiko cha mtoto, sina mizani ya kupima mganga na hospitali. Ni hospitali, siku hiyohiyo, mkono ukiwa umekunjwa kwa namna mtoto anavyostahimili, usilazimishwe. Pindi mfupa umeungana, msiukande kiwiko kwa mafuta na nguvu ili ulegee. Kukanda kwa nguvu kunaweza kufanya mfupa mpya uote ndani ya msuli, na kiwiko kikakakamaa zaidi. Mtoto aachwe acheze, ataukunjua mwenyewe.

Sasa kigasha. Watu hukidharau kwa kuwa ni chembamba na hakibebi mwili, na hapo ndipo makosa mengi hufanyika kwa watu wazima. Kina mifupa miwili, alna upande wa kidole kidogo na radiasi upande wa dole gumba. Alna imetulia. Radiasi ndiyo inayozunguka juu yake unapogeuza kiganja kitazame juu au chini, kama foromali inavyozunguka mlingoti jahazi linapobadilisha upande. Foromali ikipinda haipiti. Ndivyo ilivyo kwa radiasi: ikiungana na mpindo mdogo tu, mtu hataweza kupokea chenji kiganjani, kunawa uso wala kugeuza ufunguo. Madaktari kwa sababu hiyo huihesabu mifupa hii miwili kana kwamba ni kiungo, inayodai kupangwa sawasawa. Mtu mzima aliyevunjika yote miwili ashauriwe chuma, bamba mbili, moja kwa kila mfupa. Plasta haitoshi, maana misuli inayopita kati ya mifupa hiyo huivuta ndani ya plasta. Mganga hatoshi vilevile. Hapa mimi ningekopa, ningesafiri.

Lakini mtoto wa miaka minane aliyevunjika mifupa hiyo hiyo? Plasta. Mfupa wa mtoto una gamba nene la nje ambalo hulishika pande lililopinda lisiachane, na kwa kuwa anaendelea kukua, mwili hunyoosha mpindo uliobaki mwaka hadi mwaka. Kadiri alivyo mdogo na kadiri palipovunjika palivyo karibu na ncha ya mfupa inayokua, ndivyo mnyoosho huo ulivyo bora. Kitu kimoja tu hakijinyooshi: mfupa uliojizungusha. Hicho lazima kirekebishwe tangu mwanzo.

Kifundo cha mkono ni ugonjwa wa bibi zetu. Anateleza kwenye ngazi ya nyumba ya mawe au kwenye sakafu iliyolowa, anajikinga kwa kiganja, na ncha ya radiasi inakatika na kurudi nyuma. Abraham Colles wa Dublin aliuandika mvunjiko huu mwaka 1814, miaka 81 kabla ya eksirei kujulikana, kwa kutazama na kupapasa tu. Wanawake waliokoma hedhi huvunjika hapa zaidi, kwani mifupa yao hupungua uzito. Kunyooshwa chini ya dawa ya ganzi kisha plasta wiki tano au sita hutosha kwa wengi. Bibi mwenye miaka 80 anaweza kuishi vizuri na kifundo kilichopinda kidogo. Fundi seremala mwenye miaka 35, ambaye ufa umeingia kwenye kiungo chenyewe, afikirie chuma.

Kuna mfupa mdogo humo kwenye kifundo unaoitwa skafoidi, chini ya dole gumba. Ukilinyoosha dole gumba juu, utaona kijishimo kati ya kano mbili. Aliyeanguka akasikia maumivu ukibonyeza hapo, hata eksirei ya siku ya kwanza ikisema hakuna kitu, afungwe na apigwe nyingine baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Damu ya mfupa huu huingia upande wa mbele ikarudi nyuma, kwa hiyo ukikatika katikati, kipande cha nyuma hukosa damu, kikafa. Vijana wengi huambiwa wameteguka tu, wakakandwa, na kifundo kikawauma miaka yote iliyobaki. Katika mkono mzima, huu ndio mfupa ambao ukimya wake unadanganya kuliko wote.

Vidole havina hadithi ndefu: kimoja hufungwa pamoja na jirani yake wiki tatu, kikaanza kujongezwa. Angalieni tu, akikunja ngumi, kidole kisipande juu ya mwenzake. Kikipanda, kimezunguka, kirudishwe hospitali.

Mguu

Huku nafasi ya mganga ni ndogo zaidi, na nasema hivyo bila kumvunjia heshima. Uzito wa mwili hausamehi.

Mzee aliyeanguka kitandani au bafuni, akashindwa kusimama, na mguu wake ukaonekana mfupi na umegeukia nje, shingo ya mfupa wa paja imevunjika. Jamaa wengi humwacha alale, wakisema ni uzee. Kwa mvunjiko huu kulala ndiko kunakoua: kichomi, vidonda vya mgongoni, damu kuganda miguuni. Damu inayolisha kichwa cha mfupa hupita kwenye shingo hiyo, hivyo kukatika kwake mara nyingi huua kichwa chenyewe, na plasta haiwezi kukirudisha. Chaguo ni upasuaji, siku ya kwanza au ya pili ikiwezekana, ili mzee aketi na asimame. Hata mzee ambaye alikuwa hatembei sana, hufanyiwa kwa ajili ya kupunguza maumivu ya kugeuzwa na kuoshwa.

Mfupa wa paja katikati ni mfupa mrefu na wenye nguvu kuliko yote mwilini, karibu robo ya kimo cha mtu. Ukivunjika kwa mtu mzima, lita moja au zaidi ya damu inaweza kumwagika ndani ya paja bila tone moja kuonekana, naye ana kama lita tano tu mwili mzima. Kwa hiyo kwanza ni kumfunga mguu usitikisike na kumfikisha. Ukilinganisha baada ya hapo, kuna kuvutwa na kuna msumari. Kuvutwa ni kulala wiki sita hadi kumi na mbili huku uzito umening'inizwa mguuni. Mfupa huungana, ingawa mara nyingi ukiwa mfupi kidogo, na goti hukakamaa. Msumari wa ndani, ambao Mjerumani Gerhard Küntscher aliuanzisha mwaka 1939, humfanya mtu ashike magongo ndani ya siku chache. Tangu mwaka 1999 shirika la SIGN la Marekani limekuwa likitoa misumari iliyobuniwa kwa hospitali zisizo na mashine ya eksirei ndani ya chumba cha upasuaji, na hivyo tiba hii haihitaji tena hospitali za mataifa tajiri pekee. Kwa mvuvi au mchukuzi mwenye watoto wa kulisha, wiki kumi za kitanda zina gharama kuliko msumari, hata kama bili ya siku ya kwanza inaonyesha kinyume. Mtoto wa chini ya miaka mitano ni habari nyingine: plasta ya kiunoni hadi mguuni, wiki nne hadi sita, imekwisha.

Pia ya goti hupimwa kwa jambo moja. Mgonjwa amelala, ainue mguu ukiwa umenyooka. Akiweza, plasta au gango wiki nne hadi sita. Asipoweza, vipande vimeachana na msuli wa paja hauna pa kushika, lazima kushonwa kwa waya.

Muundi uko chini ya ngozi tu, upapase wa kwako utauhisi wote hadi kifundoni. Hauna nyama ya kuulinda upande huo, kwa hiyo ndio mfupa mrefu unaotoboa ngozi mara nyingi zaidi, na theluthi yake ya chini hupata damu kidogo. Ajali za bodaboda huko Mokowe na Mpeketoni huishia hapa. Muundi uliovunjika bila kidonda, usiopandana, unatibika kwa plasta ndefu kisha fupi, ila subira inahitajika: miezi mitatu, minne, wakati mwingine mitano. Mvutaji sigara ataongeza. Wenye kidonda ni fremu ya nje kwanza, au msumari, kulingana na ukubwa wa jeraha. Mwenzake mwembamba wa upande wa nje, fibula, habebi uzito mwingi. Akivunjika peke yake katikati, mtu huweza kutembea, na madaktari hudiriki hata kukata kipande chake wakakipandikize kwingine.

Ila chini, kwenye kifundo, fibula huyu huyu ana cheo. Ndiye ukuta wa nje unaoushika mfupa wa talasi, ulio juu ya kisigino, mahali pake. Utafiti uliochapishwa mwaka 1976 ulionyesha kwamba talasi ikihama milimita moja tu, eneo la kiungo linalogusana hupungua kwa asilimia 42 hivi, na uzito wote ukabebwa na kinachobaki. Ncha ya fibula peke yake na kifundo kimetulia, plasta wiki sita. Pande zote mbili zimekatika, au kifundo kimehama, chuma. Kukanda kifundo kilichovimba kabla ya eksirei ndiko kunakogeuza la kwanza kuwa la pili.

Kisigino huvunjika kwa mkwezi aliyeanguka kutoka mnazini akatua kwa miguu. Muulizeni kuhusu mgongo pia, kwani kishindo hupanda, na pingili za kiuno huvunjika pamoja nacho. Kupasua kisigino si jambo la haraka. Ngozi ya hapo ni nyembamba na hungojewa wiki moja au mbili uvimbe ushuke. Wapo wanaopona sawa bila kupasuliwa, hasa vipande visipohama.

Safari na fedha

Mgonjwa wa visiwani hulipa mara mbili, mara moja kwa tiba na mara nyingine kwa njia. Kabla ya kuondoka Faza au Kiwayu, fungeni kiungo kwa mbao zilizozungushiwa kanga, zivuke kiungo cha juu na cha chini ya palipovunjika, na kwa paja ubao ufike kwapani. Mguu usioumia unaweza kutumika kama gango la mwenzake, mito ikiwekwa katikati. Asile chochote kizito kama kuna dalili ya kupasuliwa.

Katika mji wa Lamu, hospitali ya King Fahd ndiyo kituo cha kwanza kwa wengi. Ulizeni mapema, hata kwa simu, kama mashine ya eksirei inafanya kazi siku hiyo na kama daktari wa upasuaji wa mifupa yupo. Kwa kifundo cha mkono cha bibi na kigasha cha mtoto, huenda msihitaji kuvuka. Kwa paja na kigasha cha mtu mzima, jiandaeni kwa rufaa ya Malindi au Makadara, hospitali kuu ya Mombasa, na njia ya Mokowe, Witu na Garsen si fupi kwa aliyevunjika. Tangu Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni ya SHA badala ya NHIF. Usajili na malipo vikaguliwe mkiwa bado nyumbani, maana hospitalini ni kupanga foleni ya pili.

Na kama mmekwisha kwenda kwa mganga, semeni. Daktari anahitaji kujua ulivutwa lini, ulifungwa kwa muda gani, ulipakwa nini. Wagonjwa hunyamaza kwa kuogopa kukaripiwa, kisha wakapewa tiba ya mvunjiko mpya kwa mfupa uliokwisha kushika kwa wiki tatu. Chukueni na picha yenyewe ya eksirei, si karatasi ya rufaa peke yake. Mkifika usiku na daktari wa zamu asiione, atapiga nyingine, na mtailipia tena.